Vyombo vya kabatini na mana ya leo

Moyoni kuna jambo, na kwa kuwa ukurasa huu tumeshazoeana, ngoja nilimwage hapa hapa.

Nyumbani kwangu, kama kwako nadhani, kuna kabati la vioo sebuleni. Ndani yake imo seti ya vikombe na visahani vya maua ya bluu, zawadi ya harusi yetu mwaka 1998. Seti nzima, haijapungua hata kisahani. Itapunguaje na haijawahi kutumika? Vinasubiri wageni. Wageni gani hao sijui, maana wachungaji wamekuja, wakwe wamekuja, na wote wamenywea chai vikombe vya plastiki. Mama watoto anasema vile vya kabatini ni vya siku maalumu.

Basi, mwezi uliopita kanisani likasomwa somo la mana, Kutoka sura ya 16. Unalikumbuka. Wana wa Israeli wako jangwani, njaa inawauma, wanamlaumu Musa na kuyakumbuka masufuria ya nyama ya kule Misri. Mungu anawashushia chakula asubuhi, kila mmoja aokote cha kumtosha siku ile tu, asibakize. Wajanja hawakosekani popote, wakaficha. Kulipokucha, kasheshe! Funza na harufu. Siku ya sita peke yake ndiyo waliruhusiwa kuokota mara mbili, kwa ajili ya Sabato, na hiyo haikuoza. Wakaishi hivyo miaka 40.

Tuliporudi nyumbani nikamwambia mama watoto, umesikia habari ya funza? Leo chai tunywee vya kabatini. Mwenzangu Biblia anaijua, akanijibu palepale: mbona sura hiyohiyo Haruni aliambiwa atie mana kwenye chombo, itunzwe vizazi na vizazi? Nikafungua nikaangalia. Kweli, imo. Nikafunga Biblia, nikanywa chai yangu kwenye plastiki.

Nacheka, lakini usiku ule sikulala vizuri, na si kwa sababu ya vikombe. Nilikuwa namuwaza kaka yangu.

Kaka yuko Muheza, kule kwenye machungwa. Marehemu baba alituachia shamba la michungwa, si kubwa la kutisha, na mwaka 2019 tukakosana juu yake. Mimi nilidai hesabu za mauzo, yeye akaona namwita mwizi. Yakatoka maneno ambayo mtu na kaka yake hawapaswi kuambiana, na niseme ukweli, mengi yalitoka kinywani mwangu. Tangu hapo tukawa watu wa kusalimiana kwenye misiba.

Nilikuwa na nia ya kwenda kumwomba radhi? Sana tu! Kila mwaka. Nitaenda Pasaka. Pasaka ikifika, ada za shule. Haya, basi Krismasi, ukoo wote ukiwa pamoja. Krismasi ikifika mshiko hakuna, na hata ukiwepo, utaanzaje mambo hayo mbele za watu? Nasubiri siku nzuri, yenye utulivu, tukiwa wawili tu.

Na katikati ya yote hayo kila usiku nasali, naomba riziki, naomba nisamehewe kama ninavyosamehe, navuta shuka. Mwinjilisti wetu aliwahi kutufundisha kwamba lile neno la Kigiriki linaloielezea riziki kwenye Sala ya Bwana linawasumbua wataalamu mpaka leo, maana katika Agano Jipya halipo popote isipokuwa kwenye sala hiyo, kwa Mathayo na kwa Luka. Wapo wanaosema maana yake ni chakula cha leo, wapo wanaosema ni cha siku inayokuja. Mimi niliipenda hii ya pili, bila shaka unajua kwa nini. Ila hata ukiisoma hivyo, kwa Mathayo neno "leo" bado limekaa palepale. Halikwepeki.

Najua kuna msomaji atasema, ahaa, mwandishi leo anatufundisha ponda mali kufa kwaja. Hapana bwana. Hilo Mtume Paulo alilitaja kwa Wakorintho kama falsafa ya mtu asiyetegemea ufufuo. Mimi sizungumzii kula leo kila kitu. Weka akiba, lipa ada, panda michungwa ambayo wajukuu ndio wataivuna. Nazungumzia yale mambo ambayo ukiyaweka yanaota funza.

Jumatano ya wiki ile ile shemeji akapiga simu. Kaka ameanguka asubuhi bafuni. Upande wa kulia hauna nguvu, maneno hayatoki. Kiharusi.

Alhamisi alfajiri nilikuwa Mbezi kwenye kituo cha mabasi (wewe uliyehama Dar zamani, Ubungo tulishahama tangu 2021). Njia nzima, Chalinze mpaka Segera, nilikuwa napanga maneno kama mtoto anayejiandaa kwa mtihani. Nikaingia wodini nikamkuta amelala, shemeji kakaa pembeni na kanga begani. Nikamwamkia: shikamoo, kaka. Midomo ikacheza. Marahaba haikutoka.

Nikamshika mkono wa kushoto, nikayasema yote niliyokuwa nayo tangu 2019. Mbele za watu, tena, wagonjwa wengine wakisikiliza. Akaniangalia muda mrefu, akatoa sauti moja. Shemeji akasema, anakuitikia huyo. Lakini baadaye nikaisikia sauti ile ile akiomba maji. Kwa hiyo, msomaji wangu, mimi sijui kama nimesamehewa. Nilichelewa kuuliza mpaka anayeulizwa akaishiwa majibu.

Usiku nyumbani shemeji alileta daftari la mauzo, bila kuombwa. Sikulifungua.

Nilirudi Dar na kiroba cha machungwa, nikayagawa kwa majirani siku hiyohiyo. Jumapili baada ya ibada nikakuta chai imewekwa mezani kwenye vikombe vya maua ya bluu. Mama watoto hakusema kitu, na mimi sikuuliza. Kimoja kimeshavunjika mkono, kazi ya mtoto wetu wa mwisho.

Daktari anasema mazoezi yanaweza kuyarudisha maneno, taratibu, na kwamba inasaidia ndugu wakiwa karibu wanamsemesha. Jumamosi hii naenda tena Muheza. Nikifika nitamwamkia kama kawaida.