Sukari ya ishirini

Mtoto wa miaka kama minane aliingia dukani Kalemng'orok, sarafu ameifumbata. "Nipimie sukari ya ishirini na majani ya kumi." Mwenye duka hakuuliza mara mbili, maana vifurushi vilikuwa vimefungwa tangu asubuhi. Kando yangu alisimama mgeni kutoka mjini, bwana aliyeletwa kuwafundisha kina mama nidhamu ya pesa. Akatikisa kichwa, akaninong'oneza: "Unaona? Wangenunua kilo nzima wangeokoa pesa nyingi hawa."

Maneno hayo nimeyasikia Lodwar, nimeyasikia Kakuma, na nimeyasikia chini ya migunga mingi iliyo katikati. Kwamba maskini hubaki maskini kwa kununua kidogo kidogo. Kwamba kadogo, yaani kununua huko kwa vipimo vidogo, ni ujinga, na mwenye akili hununua kwa jumla. Hata watu wa hapa hapa wameanza kuyarudia wakijisema wenyewe, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Hesabu ya bwana yule haina kosa. Tuseme kilo ya sukari ni shilingi 170, na ukijumlisha vifurushi vya ishirini inafika 200. Thelathini zimekwenda. Swali ni zimenunua nini. Sukari ile imetoka Kitale, ikapita Kainuk, kwenye barabara ambayo kwa miaka mingi magari yalingoja polisi wa kuyasindikiza. Imefika ikawekwa chini ya paa la mabati, nyuma ya mlango wa chuma wenye kufuli, mbali na mchwa na mbuzi. Mama aliyemtuma mtoto analala katika nyumba ya matawi na majani ya mkoma. Hana kabati wala ndoo yenye kifuniko kinachokaza. Thelathini zile ni kodi ya ghala na mshahara wa mlinzi, na analipa kwa siku anazolihitaji ghala tu. Mwenye nyumba ya mawe Lodwar aliilipa kodi hiyo hiyo siku aliyojenga, kwa mkupuo, kisha akaisahau. Ndiyo maana akimwona mwenzake anailipa kwa sarafu, anadhani ni ubadhirifu.

Mkutanoni siku ile, bwana yule alipowahimiza kina mama wanunue gunia zima la mahindi, ajuza mmoja aliuliza swali ambalo lingetosha kuufunga mkutano. "Mwalimu, hilo gunia nitaliweka wapi?" Watu wakacheka, na mwalimu akacheka nao akidhani bibi anatania. Bibi hakuwa anatania. Mahindi yakikaa huingiwa na dumuzi, na yakihifadhiwa na unyevu hupata sumukuvu. Mwaka 2004, hasa kule Ukambani, watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo, na mengi yalikuwa yamewekwa majumbani mwao. Kuhifadhi chakula ni kazi yenye vifaa vyake. Ukimhimiza mtu anunue kwa wingi bila kumpa vifaa hivyo, unamhamishia hasara ya mwenye duka na kuiita akiba.

Lakini dumuzi si mlaji mkubwa wa gunia. Nasema kwa ushahidi wangu. Mwaka mmoja nililipwa malimbikizo ya mshahara, nikanunua gunia la mahindi la kilo 90, nikapiga hesabu kwamba litanifikisha miezi minne. Siku ya tatu shangazi alikuja kunisalimia. Siku ya tano akaja mtu aliyewahi kunisaidia kumtafuta ngamia aliyepotea, na nani atamwambia mtu huyo hakuna kitu huku gunia limesimama kama mgeni wa tatu sebuleni? Mwezi haukuisha nikarudi dukani kununua unga wa hamsini. Silalamiki. Gunia halikuibwa, liligawanywa, na leo pikipiki yangu ikiharibika Lokichar usiku najua mlango wa kubisha. Ila nilikuwa nimelinunua kwa jina la akiba, na kama akiba lilikuwa kichekesho. Sukari ya ishirini huisha kwenye sufuria ya chai kabla habari haijatoka nje ya boma.

Sasa tuhesabu upande wa kipato, ambao walimu hawa huuruka. Mpango wa Hunger Safety Net, ulioanzia Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, umekuwa ukiipa kaya shilingi 2,700 kwa mwezi, zikilipwa 5,400 kila miezi miwili. Gawanya kwa siku 60 upate shilingi 90 kwa siku. Kama wako sita, ni 15 kwa kichwa. Mwambie mama wa nyumba hiyo afunge nusu ya fedha zote kwenye gunia siku ya kwanza, halafu mtoto aumwe siku ya kumi. Gunia halipokelewi zahanati. Atauza mahindi yale kwa bei ya mwenye shida, na hapo faida yote ya jumla imekwisha na chenji imedaiwa.

Anayemcheka mama huyo kwa sukari ya ishirini haangalii ananunua nini zikipatikana pesa kubwa kidogo. Ananunua mbuzi. Hiyo ndiyo jumla ya Turkana: mali inayojitembeza hadi malishoni, inayozaa, inayokamuliwa, na ambayo hakuna jirani atakayekuja kukuazima paja lake ingali hai. Mtu huyo huyo hula kwa vifurushi na kuweka kwa vichwa. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver, katika kitabu chake cha mwaka 1955 kuhusu Waturkana na Wajie, alieleza jinsi mtu anavyojenga marafiki wa mifugo sehemu mbalimbali, leo wewe unampa na kesho yeye anakupa. Ndiyo, ukame wa 2020 hadi 2023 uliua mifugo zaidi ya milioni mbili katika maeneo makavu ya Kenya, na yapo maboma ambayo hayajainuka hadi leo. Akiba ya miguu hufa. Lakini aliyekuwa amemeza akiba yake kama ugali mwaka 2019 hakuwa na hata cha kufa.

Kama kweli tunazitafuta shilingi zinazompotea maskini, tuzitafute zilipo. Kutoa shilingi 200 kwa wakala wa M-Pesa unakatwa 29, sawasawa na anayetoa 2,500. Kwa huyu wa pili ni zaidi kidogo ya asilimia moja. Kwa wa kwanza ni asilimia 14 na nusu. Sijawahi kuona mwalimu wa nidhamu akilichora hilo ubaoni. Kisha kuna daftari la deni. Kakuma, baada ya Bamba Chakula, vocha za chakula zinazotumwa kwa simu, kuanza mwaka 2015, wakimbizi wengi walijikuta wameacha laini ya simu, na hata namba ya siri, kwa mwenye duka aliyewakopesha. Ukishafungwa hivyo huna duka la pili la kuuliza bei, hata ununue gunia zima. Mdaiwa wa gunia anapunjwa zaidi ya mnunuzi huru wa kifurushi. Daftari lina wema wake pia, maana ndilo linalowalisha watu malipo yakichelewa, na huchelewa. Na kuchelewa huko ndiko ningekufanyia semina, niwaite wanaolipa, niwape chai, niwafundishe nidhamu ya tarehe.

Mkutano ulipomalizika nilimsindikiza bwana yule hadi barabarani kungoja gari la Lodwar. Jua lilikuwa kali, gari halionekani. Akaingia duka lile lile la asubuhi, akanunua chupa moja ya maji, ya nusu lita, na peremende mbili. Halafu akaniuliza kama ninaweza kumnunulia bando ya intaneti, ile ya saa moja tu.