Tarakilishi inachemka? Usikimbilie kununua

Wiki mbili nzima tarakilishi yangu ya nyumbani ilikuwa ikijizima kila nikikompaili programu kubwa. Fundi mmoja mjini aliiangalia dakika tano tu, akaniambia madabodi imekufa, nitafute nyingine. Nikamshukuru, nikairudisha nyumbani.

Mimi natumia Linux, kwa hivyo niliandika amri ya sensors. Prosesa digrii 74 ikikaa bure, 99 ikifanya kazi! Prosesa nyingi za Intel zina kikomo cha karibu digrii 100. Zikifika hapo zinajipunguzia kasi zenyewe, na joto likizidi mashine inajizima isije ikaungua. Yaani haikuwa imekufa, ilikuwa ikijiokoa.

Kufungua kasha, nikakuta vumbi la Nairobi limeshonana kama blanketi kwenye mapezi ya kile chuma kinachopoza prosesa. Feni inazunguka, hewa haipiti. Nayo ile krimu ya kupitisha joto ilikuwa imekauka kama chokaa. Nikatumia brashi ya rangi, alkoholi kidogo, na krimu mpya kiasi cha punje ya ndengu. (Ukipuliza vumbi, shika feni kwa kidole isizunguke.) Sasa nasoma 43 na 66.

Wengine huacha kasha wazi na kulielekezea feni ya nyumba. Jamani, hapo mnalisha vumbi! Na fundi asiyepima joto kwanza, kwa maoni yangu, hana haki ya kukuuzia chochote. Madabodi yangu "iliyokufa" ndiyo ninayoandikia haya.