Aliyengojeshwa Mno



Ndugu msomaji, juma hili nakuomba radhi nikutoe pwani nikupeleke ziwani. Nimerejea hivi karibuni kutoka Kendu Bay, katika kaunti ya Homa Bay, nilikokwenda kumzuru shangazi yangu. Huko nimesoma upya kitabu nilichokisoma mara ya kwanza nikiwa na umri wa miaka tisa. Nilikwenda nikidhani nakijua kitabu hicho, nimerudi nikiona haya.

Wengi wetu wa pwani tuna jamaa walioifuata biashara bara. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, njia ya ziwani ikawa nyepesi, na wafanyabiashara Waswahili, Waarabu na Wahindi wakafungua maduka katika miji midogo ya kando ya Ghuba la Winam. Babu yetu alikuwa mmoja wao. Alijenga nyumba Kendu Bay, mahali ambapo sauti ya adhana ilifika bila taabu, na katika nyumba hiyo tukazaliwa sisi ndugu wanne, tukasema Kiswahili barazani na Kijaluo uwanjani. Baba alikuwa na duka mjini Migori. Alishinda huko siku zote za juma, akarudi Alhamisi jioni ili Ijumaa aswali pamoja nasi. Katika mkoba wake, chini ya sukari na majani ya chai, mara nyingine tulikuta kitabu.

Vitabu hivyo vilikuwa vya Alfu Lela Ulela, tafsiri ya Edwin Brenn iliyohaririwa na Frederick Johnson, yule aliyesimamia kamusi ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1939. Baba alivipata vikiwa vikuukuu, wala havikuja kwa mpangilio. Cha pili kilitangulia cha kwanza, nasi tukangoja miezi kujua mambo yalivyoanza. Usiku tulikaa kuizunguka taa ya chemli, baba akasoma, na shangazi, dada yake, akachambua maharagwe huku akisikiliza. Alipokuwa Migori, nilisoma mimi.

Hadithi niliyoipenda kupita zote ni ile ya mvuvi na jini. Wataalamu wanatwambia kwamba Aladini na Ali Baba viliingizwa katika mkusanyiko huo baadaye sana, baada ya Mfaransa Antoine Galland kusimuliwa na Hanna Diyab, Msiria wa Aleppo, mwaka 1709. Ama hadithi ya mvuvi, hiyo imo tangu katika miswada ya zamani kabisa ya Kiarabu iliyotufikia. Mvuvi maskini, mwenye mke na watoto watatu, alikuwa na desturi ya kutupa wavu mara nne tu kwa siku. Siku moja alitupa mara ya kwanza akavua mzoga wa punda, mara ya pili akavua mchanga na matope, na mara ya tatu takataka. Mara ya nne akatoa mtungi wa shaba uliozibwa kwa risasi yenye muhuri wa Nabii Suleiman (a.s.). Akaufungua, ukafuka moshi, na moshi ukawa jini lililoazimia kumwua.

Mvuvi akajiokoa kwa hila, akalirudisha jini mtungini, na halikutoka tena mpaka lilipokula kiapo cha kumfanyia wema. Hapo likampeleka kwenye ziwa lililo baina ya vilima vinne, lenye samaki weupe, wekundu, wa buluu na wa manjano. Kumbe samaki wale walikuwa watu, na ziwa lile lilikuwa mji mzima uliogeuzwa kwa uchawi.

Sasa fikiri, msomaji, mtoto anayesoma habari hiyo Kendu Bay. Kilomita chache kutoka nyumbani kwetu liko Simbi Nyaima, ziwa dogo la mviringo ndani ya shimo la volkeno, maji yake ya magadi na rangi yake kijani. Wajaluo husimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji. Usiku mmoja wa karamu alikuja bikizee mnyonge, akaomba hifadhi, watu wakamfukuza. Mwanamke mmoja tu alimfungulia mlango, akampa chakula na mahali pa kujinyosha. Bikizee akamwonya aondoke na watu wake. Walipokwisha kuondoka, maji yakakimeza kijiji pamoja na ngoma zake.

Kwangu mimi hapakuwa na shaka: ziwa la kitabuni na ziwa letu ni moja. Nilikwenda na binamu zangu, tukakaa ukingoni tangu adhuhuri hadi alasiri tukiwatafuta samaki wa rangi nne. Hatukuona hata mmoja, maana maji yale hayana samaki. Tuliwaona heroe tu, wamesimama kwa mguu mmoja, nasi tukakata shauri kwamba wao ndio wanakijiji. Jioni tulichapwa kwa kuchelewa, na adhabu ile haikutupunguzia imani.

Mara moja baba alinichukua Migori, na kutoka huko tukaenda Thimlich Ohinga, kiasi cha kilomita 45 kutoka mjini. Mwaka 2018 UNESCO ilipaandikisha hapo katika Urithi wa Dunia, lakini wakati ule palikuwa kimya, kuta nene za mawe katikati ya vichaka, ndefu kumzidi mtu mzima. Hadithi za Alfu Lela Ulela zina mji ambao watu wake wote waligeuka mawe, kwa hiyo nikamwuliza baba ni yapi kati ya mawe yale yaliyokuwa watu. Akanijibu, “Hakuna mtu aliyegeuka jiwe hapa, mwanangu. Watu waliyapanga, moja juu ya moja, bila saruji wala udongo, ili walale salama wao na ng’ombe wao.” Nilisikitika. Kuta zile zilijengwa yapata miaka 500 iliyopita, na hadi leo zimesimama. Lakini mimi nilikuwa nataka uchawi.

Hivyo ndivyo nilivyosoma utotoni: nikitafuta jini, nikiwapita watu.

Miaka imekwenda. Baba alifariki, Allah amrehemu. Duka la Migori likauzwa, nasi ndugu wanne tukahamia Mombasa mmoja baada ya mwingine. Shangazi alibaki. Umri wake sasa umepita miaka 80, na mtoto wa jicho amemfunika jicho moja kabisa na la pili nusu. Kila Idi nilimpigia simu, na kila Idi nilimwambia, “Insha Allah, Idi ijayo nitakuja.” Nilisema hivyo kwa miaka minne, na kila nilipokisema nilikuwa mkweli, au nilijiona mkweli.

Mwezi uliopita nilikwenda, lakini sikwenda kwa ziara tu. Ndugu zangu walinituma. Tulikuwa tumekubaliana kwamba nyumba iuzwe na shangazi aletwe Mombasa, na kwa kuwa mimi ndimi aliyenilea zaidi, nikapewa kazi ya kumshawishi.

Usiku wa kwanza umeme ulikatika. Shangazi akaniambia, “Fungua sanduku. Chini ya kanga zangu kuna kitabu chenu.” Nikakitoa. Gamba lilikuwa limetoka, na nondo walikuwa wamekula pembe zake. Akataka nimsomee habari ya mvuvi, nami nikasoma kwa tochi ya simu.

Nilifika pale jini linapomweleza mvuvi sababu ya kutaka kumwua. Lilipotupwa baharini, karne ya kwanza liliapa kumtajirisha yeyote atakayelifungua. Hakuja mtu. Karne ya pili likaapa kumfunulia hazina zote za ardhi. Hakuja mtu. Karne ya tatu likaapa kumtimizia haja tatu, na bado hakuja mtu. Ndipo likaghadhibika, likaapa kwamba atakayelifungua sasa atakufa, ila atachagua namna ya kufa.

Shangazi akainua mkono. “Hapo. Rudia hapo.”

Nikarudia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukilichukia jini hili.”

“Ni ovu, shangazi. Lataka kumwua aliyeliokoa.”

“Halikuanza hivyo. Lilianza na shukrani. Kungoja ndiko kulikoligeuza.” Akacheka, akanipapasa goti. “Usiogope, mwanangu. Mimi bado niko karne ya pili.”

Nilicheka naye, lakini koo lilinikauka. Niliisoma hadithi ile mara zisizo na idadi, na kiapo kile nilikipita mbio ili nifikie hila ya mvuvi. Sikuwahi kujiuliza jini liliishije humo gizani, likihesabu. Ahadi zake zilizidi kuwa kubwa kila karne, kama mtu anayejipandisha thamani ili atazamwe, na mwisho zikaisha zote. Mvuvi maskini hakuwa na kosa lolote. Alikuja akiwa amechelewa, basi. Na mimi je, ambaye sikuwa mvuvi wa kutojua, ambaye mtungi niliujua ulipo na namba yake ya simu ninayo?

Nisikufiche, msomaji, kwamba si yote niliyoyakuta katika masimulizi haya yalinipendeza. Mna mahali watu weusi na watumwa wanatajwa kwa dharau, na wanawake wanashukiwa kwa jumla kana kwamba hila ni umbile lao. Utotoni sikuyasikia. Safari hii niliona alama hafifu za kalamu ya risasi pembeni mwa baadhi ya kurasa, na nilipofika penye mojawapo nikaruka mistari. Shangazi akatabasamu, akasema, “Baba yako naye alikuwa akiruka hapo.” Basi mzazi anayewapa watoto kitabu cha kale na akisome yeye kwanza. Akione kinachofaa kurukwa kwa mdogo, na kinachofaa kuzungumzwa na mkubwa.

Asubuhi niliamshwa na sauti za watoto. Watatu walikuja na juzuu zao, na shangazi, ambaye hazioni herufi tena, aliwasahihisha kwa sikio. Baada yao akaja jirani wa Kijaluo na bakuli la omena, akaondoka na chupa ya chai. Halafu wakaja wengine, wasio na juzuu wala bakuli, wakamwita “Dani”, ambalo kwa Kijaluo ni bibi, wakapewa mandazi. Mlango haukufungwa hadi adhuhuri.

Nikamweleza nilichotumwa. Nikamtajia hospitali za Mombasa, hewa ya bahari, wajukuu. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu ile ya wazee wetu, kisha akauliza, “Na mlango huu atafungua nani?”

Sikuwa na jibu. Nilikumbuka kijiji cha Simbi, ambako katika nyumba zote ni mlango mmoja uliofunguliwa. Utotoni nilikodolea macho maji. Mwanamke yule aliyemkaribisha mgeni sikumtazama hata mara moja. Nikakumbuka na kuta za Thimlich, zilizosimama kwa sababu kila jiwe limeegemea jingine. Sasa ndio nikafahamu baba alikuwa akinionyesha nini.

Nilirudi Mombasa bila shangazi. Tulikaa kikao sisi wanne, na hakikuwa kikao chepesi. Nilipendekeza nyumba isiuzwe, paa litengenezwe, jicho lipasuliwe huko huko karibu, na kila mmoja wetu achukue miezi mitatu ya mwaka iwe zamu yake: aende mwenyewe, kwa miguu yake, angalau mara moja. Wawili wameafiki. Kaka yetu mkubwa bado anaona kwamba mimi nimerogwa na hadithi za watoto, na kwamba mzee wa umri ule hafai kuishi mbali na watu wake. Hoja yake si ya kupuuzwa, wala mapenzi yake kwa shangazi si haba. Huenda iko siku tutalazimika kufanya asemavyo. Lakini siku hiyo, tukimhamisha, iwe ni baada ya kumwendea, isiwe badala yake.

Dini yetu imetuhimiza kuunga udugu na kumkirimu mgeni, na aghalabu tunayasema hayo mimbarini na katika makaratasi kama haya. Mimi nilikuwa nayasema pia. Ilinibidi nisomewe na jini la kitabuni, nikiwa na mvi, ndipo nikate tikiti ya basi nyingine. Zamu ya kwanza ni yangu. Naondoka Jumatano ijayo, insha Allah.

Nawe, msomaji, ukiwa na kitabu cha utotoni kilichosahaulika sandukuni, kitoe ukifute vumbi. Usikisome peke yako. Mpelekee yule aliyekuwa akisikiliza pamoja nawe, kama Mola bado amemweka hai, ukamsomee, na akikwambia rudia hapo, rudia.

Wabillahi tawfiq. Tukutane tena juma lijalo, insha Allah.