Zimwi la Jirani



Wako wazazi miongoni mwetu hapa Pumwani wachukiao mwalimu anapowaagiza watoto walete hadithi za kwao darasani. Mazimwi ni upuuzi, wasema. Mimi siafikiani nao. Qur'ani Tukufu ina sura iitwayo Al-Qasas, yaani Visa. Kufunza kwa kisa si jambo geni kwetu. (Ngano si wahyi, na mtoto aelezwe hivyo mapema.)

Litazameni darasa la Eastlands. Wa pwani ana zimwi lake. Mkikuyu ana irimu, mwenye kinywa cha pili kisogoni. Mjaluo ana Apul Apul. Msomali ana Dhegdheer, jike la sikio refu lisikialo nyayo kutoka mbali. Wakishasimuliana, mwalimu auliza: Dhegdheer akikutana na irimu kisimani, itakuwaje? Hapo mtoto hutunga lake, asilolikariri popote.

Tangu msako wa Usalama Watch wa mwaka 2014 pale Eastleigh, neno "gaidi" limekuwa jepesi mno vinywani mwa watoto wamtaniapo mwenzao wa Kisomali. Hadithi pekee haitaliondoa. Lakini ni vigumu kumwita hivyo mtu ambaye jana bibi yake alikutia hofu na kicheko pamoja na bibi yako.

Basi msimpeleke mtoto shuleni mikono mitupu. Mpigieni simu bibi yake aliyeko Lamu au Malindi, asimulie polepole, naye mjukuu aandike.