Mimi mzoefu, helmeti ya nini?

Wadau, juzi nilikuwa Chitete, pale yalipo makao makuu ya Wilaya ya Momba, kwenye zile kazi zetu za kuzunguka na kalamu na daftari. Aliyenipeleka ni kijana wa bodaboda niliyempata Tunduma. Helmeti alikuwa nayo, tena nzima kabisa, ila safari yote ilining'inia kwenye usukani kama mfuko wa nyanya. Nikamuuliza kulikoni. Akacheka.

"Mkubwa, hii njia naijua kama chumba changu. Mwaka wa nane huu naendesha, sijawahi kuanguka. Helmeti ni ya wanaojifunza."

"Na ukikutana na trafiki?"

"Aah, hapo naivaa."

Sikubishana naye. Ningebishana vipi wakati mimi mwenyewe huko nyuma nilikuwa nimevaa kapelo? Lakini maneno yake yamenikaa kichwani, kwa sababu ni yale yale wanayoyasema watu wa fani nyingine kabisa: wapandaji wa miamba na milima. Huko nako kuna mjadala wa siku nyingi. Mpandaji anayeanza anavaa helmeti kwa sababu mwalimu amemlazimisha. Aliyekwishapanda miaka kumi anaiacha kambini, eti inabana, inatia joto, na yeye anajua anachokifanya. Helmeti imekuwa kama alama ya ugeni, na hakuna anayetaka kuonekana mgeni.

Leo naomba nisimame upande wa pili. Nasema anayehitaji helmeti zaidi ni yule mzoefu. Naomba mnivumilie nieleze.

Tuanze na mlima wetu. Kilimanjaro kwa njia nyingi ni mlima wa kutembea tu. Ukipanda kwa Marangu, adui yako mkubwa ni hewa nyembamba na baridi, wala siyo mawe. Sitamwambia mtu avae helmeti kuanzia getini, tutachekwa. Lakini upande wa magharibi kuna njia inayopita kwenye pengo kubwa la ukuta wa volkano, wageni wanaiita Western Breach. Pale ni mteremko mkali wa mawe yaliyolegea, na mengi kati yake yameshikwa na barafu tu, kama matofali yaliyogandishwa badala ya kujengwa kwa saruji. Barafu ikiyeyuka, jiwe linaondoka.

Januari 4, 2006, mawe yaliporomoka pale. Wapandaji watatu kutoka Marekani walikufa, na miongoni mwa waliojeruhiwa walikuwemo wapagazi wetu Watanzania. Njia ikafungwa, ikaja kufunguliwa tena mwaka 2007. Mwaka 2015 Mmarekani mwingine aliuawa na jiwe lililoporomoka kwenye mlima huo huo.

Sasa jiulize: jiwe lile la mwaka 2006 liliwauliza watu wamepanda milima mingapi kabla halijashuka? Hapo ndipo hoja ya "mimi mzoefu" inapoanza kuvuja.

Hatari za mlimani ziko za aina mbili. Kuna zinazotokana na makosa yako: kukanyaga vibaya, kufunga fundo vibaya, kuchagua njia mbaya. Na kuna zinazokujia zenyewe: jiwe kutoka juu, kifaa kilichomponyoka mwenzako, mwamba unaomeguka mkononi. Uzoefu unapunguza zile za kwanza, sikatai. Hata zile za pili unazipunguza kidogo. Kiongozi mzuri wa Kilimanjaro anajua kwamba sehemu kama ile inapitwa mapema, kabla jua halijalegeza barafu. Hiyo ni elimu ya thamani, na haipatikani darasani.

Lakini uzoefu una upande wake wa pili ambao hatuutaji. Mtalii anapita chini ya mawe yale mara moja katika maisha yake yote, anapiga picha, anarudi kwao. Kiongozi na mpagazi wanaofanya kazi njia ile wanarudi tena na tena, msimu baada ya msimu. Kila safari ni kama kurusha sarafu upya. Jiwe halihesabu kwamba safari ishirini zilizopita ulipona. Kwa hiyo miaka unayojivunia inapunguza makosa yako, ila inaongeza idadi ya mara ulizosimama chini ya jiwe. Hesabu hiyo hiyo inamhusu kijana wangu wa bodaboda. Miaka minane ni safari ngapi? Na ng'ombe anayekatiza barabara hajui kwamba dereva ni mzoefu.

Kuna jambo jingine. Uzoefu wenyewe unaleta usingizi. Mwaka 2004 mtafiti wa Marekani anayeitwa Ian McCammon alichapisha uchambuzi wa ajali 715 za maporomoko ya theluji yaliyowakumba watu waliokwenda milimani kujiburudisha. Aliona kwamba watu wenye mafunzo, wakiwa mahali wanapopajua vizuri, walithubutu hatari kubwa kuliko wakiwa ugenini. Yaani elimu wanayo, lakini mazoea yanaizima. Kwetu wazee walishasema zamani: mazoea yana taabu.

Mfano mwingine ni Lynn Hill, mmoja wa wapandaji bora wa miamba waliowahi kutokea duniani. Mwaka 1989, huko Buoux, Ufaransa, alianza kufunga kamba yake, akakatishwa, hakumalizia fundo, akapanda. Alipofika juu na kuiegemea kamba, alianguka zaidi ya mita 20. Matawi ya mti yalimpokea, akapona. Fundo lile ni la siku ya kwanza ya mafunzo. Anayeanza angelikagua mara tatu kwa woga. Bingwa aliliamini bila kulitazama.

Najua kuna wadau watanijibu: "Mwandishi, mwamba wa tani moja ukikuangukia, helmeti itasaidia nini?" Swali la haki. Jibu: haitasaidia. Helmeti ya kupandia inayofuata kipimo cha Ulaya hujaribiwa kwa kuangushiwa uzito wa kilo 5 kutoka urefu wa mita 2. Siyo nyumba ya zege hiyo. Mwaka 1970 daktari wa Austria, Gert Judmaier, alishika mwamba karibu na kilele cha Batian, Mlima Kenya, ukameguka, akaanguka na mguu ukavunjika vibaya. Walikuwa wawili, yeye na mwenzake Oswald Oelz, na hawakuwa watoto wa mlimani. Uokoaji ulichukua zaidi ya wiki nzima, na rubani wa helikopta aliyekwenda kusaidia akafa. Kwa mguu ule helmeti isingefanya lolote.

Ila mawe mengi yanayoruka mlimani siyo ya tani moja. Ni ya ukubwa wa ngumi, wa embe, wa chungwa. Jiwe kama hilo likianguka mita 20 tu, linafika chini kwa mwendo wa zaidi ya kilometa 70 kwa saa. Kwenye helmeti ni kishindo na shingo kuuma. Kwenye kapelo ni msiba. Mwaka 2013 Michael Schumacher, bingwa mara saba wa Formula 1, alianguka akiteleza kwenye theluji huko Ufaransa, kichwa kikagonga mwamba. Aliumia vibaya sana pamoja na helmeti yake, lakini madaktari waliomtibu walisema bila hiyo asingefika hospitali akiwa hai. Helmeti haikuahidi kwamba hutaumia. Imeahidi kukupa nafasi.

Na kwenye pikipiki takwimu zipo wazi zaidi, maana waliochunguzwa ni wengi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 hivi, na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Sikuona mahali palipoandikwa "isipokuwa kwa wazoefu".

Mwingine atasema helmeti inampa mtu kiburi, akiivaa anajiona chuma. Inawezekana. Lakini kiburi kinachonitisha zaidi ni kile cha mtu asiyevaa kitu na anayeamini kwamba miaka yake ndiyo kofia.

Kwa hiyo nasema hivi. Pale mawe yanapoporomoka na pale kamba inapotumika, helmeti iwe kichwani kwa kila mtu, kuanzia kiongozi. Mgeni anaangalia anachofanya kiongozi, haangalii anachosema. Na wenye kampuni za utalii wakumbuke wapagazi. Ni aibu mtalii apite na helmeti wakati aliyebeba hema lake anapita chini ya mawe yale yale na kofia ya sufi. Wewe unayepanga kupanda Kilimanjaro na marafiki, uliza kabla ya kulipa: wapagazi wetu watapewa helmeti? Ni swali moja tu, lakini likiulizwa na wateja wengi litasikika.

Na mimi niliyeandika yote haya? Kule Chitete nilirudi salama, na kapelo yangu. Kijana aliniacha Tunduma, akaniambia, "Umeona mkubwa? Tumefika." Ni kweli tulifika. Lakini kufika kwetu siku ile hakukuthibitisha chochote. Safari ijayo nakwenda na helmeti yangu mwenyewe, na yeye nitamwomba aishushe yake kutoka kwenye usukani. Akikataa, natafuta mwingine, hata kama ana mwaka mmoja tu barabarani.

Nawasilisha. Wadau mnasemaje?