Baba angali mtoto: Sheria yamtaka alee, sheria iyo hiyo yamsaka

KILA mara takwimu za mimba za utotoni zinapotolewa humu nchini, macho ya taifa humwelekea msichana, na ni haki yawe hivyo. Ndiye anayebeba mimba, ndiye anayekatiza masomo, na ndiye anayehatarisha maisha yake siku ya kujifungua. Hata hivyo, katika baadhi ya nyumba za nchi hii aliyebaki na kitoto mkononi ni mvulana ambaye ndevu hazijamwota sawasawa. Huyo ni nadra kutajwa katika mipango ya serikali, na anapojaribu kuwajibika hugundua kwamba sheria imemtegea mtego.

Utafiti wa Kitaifa kuhusu Idadi ya Watu na Afya wa 2022 ulibaini kuwa asilimia 15 ya wasichana wa umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba, ikilinganishwa na asilimia 18 mwaka 2014. Wastani huo waficha mengi. Katika Kaunti ya Samburu kiwango kilikuwa asilimia 50, Pokot Magharibi 36 na Marsabit 29, ilhali Nyeri na Nyandarua kilikuwa asilimia 5 pekee.

Hesabu hiyo ni ya wasichana. Haituambii ni wangapi kati ya waliowatia mimba ni wavulana wa rika lao na ni wangapi ni watu wazima. Kwamba baadhi ya wahusika ni wanaume waliokomaa, wenye wake na watoto, ni siri ambayo kila kijiji kinaijua, na hao sheria na iwaandame bila huruma. Makala haya yanamhusu yule mwingine: mwanafunzi wa kidato cha pili au cha tatu aliyempa mimba msichana waliyeketi naye darasani.

Mara nyingi mvulana wa aina hiyo hukana, au huhamishiwa kwa mjomba mjini hadi vumbi litulie. Katika jamii nyingi wazee hukaa kitako, mbuzi na fedha hutolewa, na mtoto akabaki kwa wazazi wa msichana. Lakini mambo hayaendi hivyo siku zote. Kuna msichana anayefariki akijifungua. Sensa ya 2019 ilikadiria kuwa wanawake 355 hufariki kutokana na uzazi kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, na mwili ambao haujakomaa ndio ulio katika hatari zaidi. Kuna anayerudi shuleni au kwenda kutafuta kazi za nyumbani, na kuna ambaye wazazi wake humfunga mtoto kwa leso na kumkabidhi kwa kina mvulana wakisema, "Damu yenu hiyo."

Iwapo nyumbani kwa mvulana yupo mama au nyanya mwenye nguvu, mtoto hulelewa naye na kijana akarejea darasani kana kwamba hakuna lililotukia. Asiye na mama, au ambaye nyanyake ni ajuza wa kuhudumiwa, ndiye anayebaki peke yake na mwana.

Wahenga walinena kuwa kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Kazi yenyewe huanza na maziwa. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtoto anyonyeshwe bila kupewa kitu kingine kwa miezi sita ya kwanza. Asiye na mama hana budi kununuliwa maziwa ya kopo, na kopo dogo la gramu 400 halimalizi wiki. Kijana anayelipwa kwa siku katika mjengo au kwa kuchimba mtaro akiishiwa hufanya afanyavyo kila maskini: huongeza maji ili kopo likae zaidi, au humpa mtoto maziwa ya ng'ombe na uji mwepesi kabla ya wakati. Mtoto hushiba tumbo lakini hudhoofika, na maji yasiyochemshwa humletea kuhara kunakoweza kumuua kwa siku chache. Hospitali ya Pumwani jijini Nairobi ilianzisha hifadhi ya kwanza ya maziwa ya mama humu nchini mwaka 2019, jambo la kupongezwa sana, ila hifadhi moja jijini haimfikii mtoto wa Baragoi wala wa Sigor.

Kisha kuna kliniki. Chanjo hutolewa mtoto anapozaliwa, akiwa na wiki sita, kumi na kumi na nne, halafu miezi tisa na mwaka mmoja na nusu. Kijana akifika na mtoto mgongoni hukuta benchi nzima ni kina mama, na swali la kwanza ni, "Mama yuko wapi?" Wauguzi wengi huuliza kwa nia njema, maana wanataka kujua mtoto ananyonya nini. Lakini kwa kijana wa miaka 16 anayetazamwa na watu thelathini, swali hilo latosha kumfanya asirudi wiki ya kumi.

Hapa ndipo sheria inapoingia, na inaingia ikiwa na nyuso mbili.

Uso wa kwanza ni wa Katiba ya 2010. Kifungu cha 53 chasema mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili kwa wajibu ulio sawa, wawe wameoana au hawajaoana. Sheria ya Watoto ya 2001 ilikuwa imemtwika mama wa nje ya ndoa jukumu hilo kwanza, na baba akaachiwa nafasi ya kulitafuta baadaye. Mahakama Kuu iliitupilia mbali tofauti hiyo mwaka 2013, na Sheria mpya ya Watoto ya 2022 ikathibitisha usawa huo. Hakuna mahali Katiba inaposema kwamba wajibu wa baba huanza akitimiza miaka 18. Kwa hiyo mvulana wa miaka 16 ni baba kamili mbele ya Katiba.

Uso wa pili ni Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006. Chini ya sheria hiyo aliye chini ya miaka 18 hana uwezo wa kuridhia tendo la ndoa. Anayepatikana na hatia ya kumnajisi msichana wa miaka 16 au 17 anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 15, na kama msichana ana miaka 12 hadi 15, kisichopungua miaka 20. Mshtakiwa akiwa mtoto, mahakama yaweza kumpeleka katika taasisi za kurekebisha vijana kama vile Shikusa na Shimo la Tewa badala ya gereza la watu wazima. Huo ni unafuu, lakini bado ni mashtaka, na bado ni mwana kuachwa bila mlezi.

Mwaka 2014 Mahakama Kuu mjini Eldoret ilitakiwa kuamua iwapo ni haki kumshtaki mvulana wa miaka 16 peke yake kwa kushiriki ngono na msichana wa umri uo huo. Ombi hilo lilikataliwa. Mwaka 2019 majaji wa Mahakama ya Rufaa walisema wakati umewadia kwa taifa kujadili kwa kina umri wa kuridhia na adhabu zilizowekwa. Waliosikia walizua kelele, wakidhani majaji wanataka kuwafungulia mafisi zizi.

Ukiziweka nyuso hizo mbili pamoja utaona masaibu ya kijana wetu. Aendapo kwa chifu au kwa afisa wa watoto kuomba msaada, jambo la kwanza analopaswa kusema ni kwamba yeye ndiye baba. Kwa kusema hivyo amekiri kosa la jinai. Aliyekana na kutorokea mjini yuko salama kuliko aliyebaki kulea. Sijui sheria gani nyingine humu nchini inayomtuza mkwepaji namna hiyo.

Isitoshe, kuna suala la stakabadhi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilifutilia mbali kifungu kilichozuia jina la baba asiye na ndoa kuandikwa katika cheti cha kuzaliwa bila mama kukubali. Ushindi huo ulikuwa wa watoto, na ulistahili. Lakini kitambulisho cha kitaifa hutolewa kwa aliyetimiza miaka 18, na asiye nacho huhesabiwa katika bima ya afya ya SHA kama mtegemezi wa mzazi wake. Mtegemezi mwenye mtegemezi wake! Hata mpango wa Inua Jamii, unaotoa Sh2,000 kwa mwezi, hulipa kupitia kwa mtu mzima mwenye kitambulisho.

Kuhusu shule, sera ya kumrejesha darasani msichana aliyejifungua ilianza mwaka 1994, na mwongozo wa Wizara ya Elimu wa 2020 ukapanua mlango kwa wanafunzi wengine walioacha masomo. Kwenye karatasi basi mvulana hajafungiwa nje. Kinachomfungia ni saa za mchana: nani atamshika mtoto kuanzia saa moja na nusu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni? Msichana akiuliza swali hilo hujibiwa, mara nyingi, na mamake. Huyu wa kwetu hana wa kumjibu.

Watapinga baadhi ya wasomaji kwamba kumhurumia mvulana ni kuwatia wengine moyo. Hoja hiyo naielewa, hasa ikitoka kwa mzazi wa binti. Lakini anayeumia maziwa yakikosekana ni mtoto wa miezi mitatu ambaye hakumkosea mtu.

Bunge laweza kutenganisha kesi za watoto wawili wanaokaribiana umri na kesi za mtu mzima anayewinda wasichana, bila kushusha umri wa kuridhia hata kwa siku moja. Nchi kadhaa zimefanya hivyo, Afrika Kusini ikiwemo, ambayo ilirekebisha sheria yake mwaka 2015 baada ya Mahakama ya Katiba kuamua mwaka 2013 kwamba kuwashtaki vijana wa rika moja kulikiuka haki zao. Afisa wa watoto naye angepewa maagizo ya maandishi kuwa mvulana anayejileta na mwana hoi mkononi ahudumiwe kwanza kama mlezi, faili ya polisi ingoje. Na kaunti ambazo zimejenga vituo vya chekechea karibu na shule za upili za kutwa zingeweza kutenga chumba kimoja cha watoto wachanga, kwa wavulana na wasichana sawia. Gharama yake ni mlezi mmoja au wawili, magodoro na maji safi.