Acheni Kumtilia Dawa Samaki Mgeni

Samaki hununuliwa Jumamosi. Hufika nyumbani ndani ya mfuko wa plastiki, watoto wakigombania kuubeba, na kabla ya magharibi anaogelea katika tangi jipya linalong'aa kama kabati la sonara. Jumatano asubuhi amebana mapezi, yuko juu ya maji anatweta. Nyumba nzima inalo jibu tayari: aliuzwa mgonjwa, muuzaji tapeli. Maji yote yanamwagwa, kokoto zinasuguliwa, sifongo ya chujio inakamuliwa chini ya bomba hadi itoe maji meupe, kisha kapsuli ya tetrasaiklini inafunguliwa na unga wake kumiminwa ndani. Ijumaa samaki anaelea ubavu. Wenyewe wanatikisa vichwa: ugonjwa ulikuwa mkubwa, hata dawa haikufua dafu.

Imani hii imepotoka karibu kila hatua, na inaanza kupotoka kwenye neno lenyewe, "ugonjwa". Mara nyingi samaki huyo hana kijidudu cha kutibiwa. Amekula sumu, na sumu hiyo ameitoa mwenyewe mwilini.

Samaki hutoa amonia mchana na usiku, sehemu kubwa kupitia matamvua yale yale anayopumulia. Ziwani amonia hiyo hupotea. Ndani ya tangi la lita 40 haina pa kwenda, isipokuwa wawepo bakteria wa kuishughulikia: wapo wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wapo wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili vizuri zaidi. Sergei Winogradsky, mwanasayansi mzaliwa wa Kyiv, aliichambua kazi ya bakteria hao tangu mwaka 1890, kwa hiyo si habari mpya. Katika tangi lililojazwa jana, bakteria hawa ni wachache mno. Kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka kiasi cha kutosha. Amonia haina rangi. Maji ya tangi la siku ya nne yanaweza kuwa maangavu kuliko ya tangi la miaka mitano, huku yakimbabua samaki matamvua, na mwenye tangi akiyatazama anaapa kwamba maji yake hayana neno.

Sasa itazamwe ile tiba. Bakteria wanaosafisha tangi hawaelei tu majini. Wamejishika kwenye kokoto, kwenye kioo, na zaidi ya kote kwenye ile sifongo yenye utelezi wa rangi ya kahawia inayowakera watu. Mwaka 2015 watafiti wa Uholanzi walitangaza kumpata bakteria anayeweza kuifanya kazi yote, kutoka amonia hadi nitrati, peke yake. Walimtoa kwenye chujio la mfumo wa kufugia samaki. Uchafu ule ule, kwa maneno mengine, ambao nyumbani hukamuliwa chini ya maji ya bomba yenye klorini. Juu yake huongezwa antibayotiki. Dawa hiyo haiondoi amonia hata chembe, lakini inaweza kuwadhuru bakteria wachache waliokuwa wameanza kazi. Samaki wa pili akiletwa, anaingia katika tangi lililorudishwa siku ya kwanza, naye anakufa, na muuzaji anatukanwa tena.

Kumwaga maji yote nako kuna hatari zake. Klorini inayolinda maji ya kunywa huunguza matamvua hata ikiwa kidogo. Tena yapo mambo ya pH, ambayo maji mapya yanaweza kuipandisha. Kwenye maji ya nyuzijoto 25, pH ikiwa 7, sehemu ya amonia iliyo katika hali yake kali haifiki asilimia moja. pH ikipanda hadi 8, inapita asilimia tano. Amonia ni ile ile kwa kipimo, makali yameongezeka takriban mara kumi.

Jambo hili linaonekana vizuri kwenye mfuko wa safari. Samaki wa Ziwa Tanganyika wanaosafirishwa kwenda Ulaya hukaa saa nyingi ndani ya mifuko iliyofungwa. Wakipumua, kabonidayoksaidi hujaa na kuishusha pH, hivyo amonia inayolimbikizana hubaki katika hali isiyo kali. Mfuko ukifunguliwa, gesi hutoka, pH hupanda, na amonia huamka. Wasafirishaji hulijua hilo; ndiyo maana huwanyima samaki chakula kwa siku moja au zaidi kabla ya kuwafunga. Mnunuzi anayefungua mfuko uliotoka mbali na kuuacha wazi saa mbili ili samaki "azoee" anadhani anamhurumia.

Je, maradhi hayapo? Yapo, na moja linajulikana kwa sura: chembe nyeupe mwilini, mithili ya samaki aliyenyunyiziwa chumvi. Ni kimelea kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis. Hapo dawa inastahili, lakini hata hapo pupa huiharibu kazi. Kimelea kikiwa kimejichimbia chini ya ngozi dawa haikifikii. Hufa pale tu kinapokuwa kimetoka, kimezaa mamia ya watoto, na watoto hao wanaogelea kutafuta samaki mwingine. Mtu hutia dawa mara moja, siku ya tatu chembe zimedondoka, anashangilia na kuacha. Zilidondoka kwenda kuzaana.

Kwa kimelea kama hicho wafugaji wa kuku walishasema zamani kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Samaki mgeni naye afungwe kamba: ndoo au tangi dogo la pembeni, chujio lake, wiki tatu au nne. Ajabu ni kwamba mtu asiyethubutu kumchanganya kuku wa mnadani na kuku wake siku hiyo hiyo atammimina samaki mgeni kati ya wenzake, pamoja na maji ya dukani.

Anayetweta siku ya nne apimiwe maji kwanza. Vimiminika vya kupimia amonia na nitriti vipo. Chakula kisimamishwe, robo hadi nusu ya maji ibadilishwe kwa maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto lile lile, pampu ya hewa iwashwe, sifongo isiguswe. Zoezi lirudiwe kesho yake. Halina mvuto wa kufungua kapsuli, ni kweli.

Wapo wanaojifariji kwamba samaki wa mapambo hawaishi sana hata hivyo. Tish, samaki wa dhahabu aliyepatikana kama zawadi kwenye tamasha huko Uingereza mwaka 1956, alikufa mwaka 1999 akiwa na miaka 43. Wiki moja si umri wa samaki huyu.

Wauzaji nao wasijifiche nyuma ya ujinga wa wateja. Tangi, kokoto, chujio na samaki sita huuzwa kwa risiti moja, alasiri moja, na chupa ya dawa ya bluu ikaongezwa juu "ya akiba". Duka litakalomwambia mteja achukue tangi leo na samaki aje kuwachukua mwezi ujao litapoteza mauzo ya siku hiyo, na pengine ya chupa ile pia.